Ila ya Nyumba na Ulimi wa Mwenye Kuuza

Mto Mbwemkuru una nyuso mbili. Wakati wa masika, ambayo katika nchi ya kusini huanza karibu na Desemba na kuendelea mpaka Aprili, hujaa maji mekundu, hufunika mabonde, na vijito viuingiavyo kutoka upande wa Ruangwa na upande wa Nachingwea hukata njia za watu. Wakati wa kiangazi hupungua sana, mchanga wake ukaonekana, na mgeni apitaye mwezi wa Agosti aweza kudhani kuwa mto ule haujapata kumdhuru mtu tangu ulipoumbwa. Nyumba zilizojengwa karibu na mabonde yake zina nyuso mbili vile vile. Ukuta uliolowa mwezi wa Machi huwa umekauka mwezi wa Julai. Alama ya maji juu ya msingi hufutwa kwa ndoo moja ya chokaa. Paa livujalo halivuji mahali pasiponyesha.

Kwa bahati mbaya, au kwa mpango wa dunia, majira ya fedha huangukia kiangazi. Fedha za ufuta hupatikana katikati ya mwaka, na fedha za korosho huanza kupatikana mwezi wa Oktoba, mvua kubwa zikiwa bado. Mwenye fedha mkononi hutafuta bati, hutafuta mke, au hutafuta nyumba. Basi aghalabu mnunuzi huitazama nyumba katika uso wake mzuri, na mwenye kuiuza ndiye peke yake aujuaye uso wa pili.

Hapo ndipo lizukapo swali ambalo wenye hekima wameshindana juu yake kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mtu ajuaye ila ya nyumba yake, je, imempasa kuitaja asipoulizwa? Na ikiwa mnunuzi amekuja pamoja na fundi wake, fundi akagonga kuta, akapanda darini, akatoka akasema kuwa nyumba ni njema, je, ukaguzi ule umemwondolea mwuzaji deni la kusema? Maswali haya ni mawili, ingawa watu huyachanganya wakayafanya moja. La kwanza lahusu ulimi, la pili lahusu macho. Na mtu mwerevu hutumia macho ya mwenziwe kuwa kisingizio cha ulimi wake.

Cicero, mwanasheria na msemaji wa Roma, aliandika juu ya jambo hili katika mwaka wa 44 kabla ya Kristo, katika kitabu alichompelekea mwanawe aliyekuwa akisoma Athene. Alitoa mfano wa nyumba idhaniwayo na watu wote kuwa ni ya afya, kumbe sivyo: nyoka huonekana katika vyumba vyote vya kulala, miti yake ni mibovu, na hapana ajuaye ila mwenyewe. Kisha akawasimamisha wanafalsafa wawili wa madhehebu moja wabishane. Diogenes wa Babeli alisema kuwa mwuzaji yampasa kutaja yale ambayo sheria ya nchi humlazimisha kuyataja, na asidanganye. Zaidi ya hapo hana deni. Hakumshurutisha mtu kununua. Kunyamaza si kuficha. Na ni upumbavu gani upitao ule wa mwenye nyumba kumwagiza mnadi apige kelele sokoni kwamba inauzwa nyumba yenye maradhi? Antipater wa Tarso, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimpinga mwalimu. Alisema kuwa mtu asiyemwonyesha njia aliyepotea hulaaniwa, na huyu amezidi, maana anamwacha mwenziwe aingie shimoni kwa makusudi ili yeye apate faida.

Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater, lakini kwa tofauti nyembamba ipasayo kuangaliwa vema. Alikubali kuwa si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha, kwa maoni yake, ni kutaka kwa ajili ya faida yako wasijue jambo wale ambao kulijua kwao kungewafaa. Hivyo kosa halimo katika kinywa kilichofungwa, limo katika kutaka. Mtu asiyejua kuwa msingi wake umeliwa na mchwa hanyamazi, hana la kusema tu. Mtu ajuaye, akapaka rangi juu yake wiki moja kabla ya mnunuzi kufika, amesema kwa rangi yale asiyoyasema kwa maneno.

Wala hayo hayakuwa mabishano ya shule peke yake. Katika kitabu hicho hicho imo habari ya mtu wa Roma, Tiberius Claudius Centumalus kama wasemavyo baadhi, Titus kama wasemavyo wengine, aliyeamriwa na makuhani wa ndege kubomoa sehemu ya nyumba yake katika kilima cha Caelius, kwa kuwa kimo chake kiliwazuia kutazama mbingu. Yeye badala ya kubomoa aliiuza nyumba, na amri hakuitaja. Mnunuzi, Publius Calpurnius Lanarius, alipoamriwa kubomoa alibomoa, kisha akajua kuwa mwenziwe aliamriwa mbele yake. Mwamuzi alikuwa Marcus Cato. Aliamua kuwa mwuzaji, kwa kuwa alijua na hakusema, alipe hasara yote. Fundi gani angaliiona ila ile? Ukuta ulikuwa mzima, paa zima, milango mizima. Ila ilikuwa katika amri iliyotoka kwa watu wengine kabisa.

Katika pwani ya Kiswahili fikra hii ilifika kwa njia nyingine, na ilipofika iliacha alama katika lugha. Wanazuoni wa fikihi huita ila ya bidhaa kwa neno la Kiarabu ambalo Mswahili amelipokea akalitamka aibu. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo kabla ya mauzo, na hakuijua, ana hiari ya kuirudisha mali. Wengi wakumbuka pia habari ya Mtume aliyepita sokoni akatia mkono katika fungu la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini, na mwenye nafaka akajitetea kuwa mvua iliinyeshea. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Ajabu ya Kiswahili ni kwamba neno lililokuwa la ila ya kitu limekuwa la fedheha ya mtu. Mwenye nyumba asemapo kuwa ni aibu kuitaja aibu ya nyumba yake, hutumia neno moja katika maana zake zote mbili, na hajui kuwa amejihukumu.

Yafaa sasa kuangalia kazi ya fundi, kwa sababu hukumu juu ya ukaguzi haiwezi kutolewa na mtu asiyejua ukaguzi ni nini. Katika vijiji vya bonde la Mbwemkuru nyumba nyingi za zamani ni za miti, fito na udongo, na zile za karibuni ni za matofali ya kuchoma au ya saruji, zilizoezekwa bati. Kila namna ina mahali pake pa kufia. Nyumba ya miti hufa pale nguzo ikutanapo na ardhi, shubiri moja chini na shubiri moja juu, ambapo unyevu na mchwa hukutana. Fundi mzoefu hachoki kuinama. Huchoma kila nguzo kwa ncha ya kisu, na nguzo ya mpingo humrudishia kisu chake, lakini mti mwepesi humeza ncha kama muhogo uliopikwa. Nyumba ya matofali hufa katika msingi na katika viungo. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu huenda usiwe na maana. Lakini ufa ulalao mshazari kutoka pembe ya dirisha mpaka chini, mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, hueleza kuwa ardhi imeshuka, au kuwa chini yake pana udongo mweusi uvimbao masika na kunywea kiangazi. Tofali lililochomwa sawasawa hulia likigongwa. Lisiloiva hutoa sauti butu.

Paa hukaguliwa mchana wa jua kali, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Katika giza lile kila tundu la msumari uliolegea huonekana kama nyota. Kisha fundi hutazama kenchi, hutafuta unga mwepesi wa mbao ulioanguka sakafuni na vijia vya udongo vya mchwa vipandavyo ukutani. Hutazama ukuta upi umepakwa upya na upi haukupakwa, maana mtu apakaye ukuta mmoja tu katika vinne ana sababu. Hupima kwa hatua umbali wa choo cha shimo na kisima, na kilipo cha juu na cha chini katika mwinuko wa kiwanja. Kazi hii ikifanywa kwa utaratibu na mtu asiye na faida katika mauzo, ni jambo kubwa. Katika Marekani imekuwa kazi ya kulipwa yenye wataalamu wake, na chama chao kimojawapo kikubwa kiliundwa mwaka 1976. Katika Tanzania mnunuzi akopaye benki huletewa mthamini, na wengi hudhani kuwa huyo ndiye mkaguzi. Sivyo. Mthamini huulizwa nyumba ina thamani gani leo. Mkaguzi huulizwa ina maradhi gani. Mtu aweza kuuziwa ng'ombe kwa bei ya haki kabisa, na ng'ombe akafa njiani.

Hata hivyo fundi bora kupita wote ana mipaka, na mipaka hiyo ndiyo kiini cha swali. Hawezi kuona mvua ya mwaka jana. Hawezi kuona kuwa kijito kilichokauka nyuma ya jikoni hugeuza njia kila baada ya miaka kadhaa. Katika nchi ya Wamwera, ambao kwa mila yao ya asili ukoo na urithi vilifuata upande wa mama, hawezi kugonga ukuta akasikia madai ya wapwa. Hawezi kujua kama mke wa mwuzaji amekubali, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenziwe. Hawezi kuyaona makaburi yaliyosawazishwa. Ila hizi zote zimo katika kumbukumbu za watu, na kumbukumbu haina mlango ambao fundi aweza kuufungua kwa bisibisi.

Sheria ya nchi imesimama mahali fulani kati ya Diogenes na Antipater, karibu zaidi na Diogenes. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa Sheria ya Mikataba ya Uhindi ya mwaka 1872, yasema katika vifungu vyake vya udanganyifu kuwa kunyamaza tu juu ya jambo liwezalo kumgeuza mtu nia si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo hali yenyewe humpasa mtu kusema, au pale ambapo kimya chake ni sawa na maneno. Tena yaongeza kuwa aliyehadaiwa kwa kimya cha namna hiyo hawezi kuuvunja mkataba kama alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa juhudi ya kawaida. Sheria haikukosea. Mahakama haiwezi kupima nia za watu wote sokoni. Lakini mwuzaji aisomaye kana kwamba ni kitabu cha maadili, akajiambia kuwa lisilo udanganyifu mbele ya hakimu si udanganyifu kabisa, ameichukua fimbo ya chini kabisa akaifanya ya kupimia urefu wake.

Juu ya ukaguzi wa haraka, Nachingwea ina mfano uliotangaa duniani. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika, uchunguze kama karanga zaweza kulimwa kwa mashini katika Afrika ya Mashariki. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka katika ndege. Taarifa yao ilipendekeza zaidi ya ekari milioni tatu, na katika Tanganyika kazi ilikuwa Kongwa, Urambo na jimbo la kusini, ambako kitovu kilikuwa Nachingwea. Ikajengwa bandari ya Mtwara, ikatandikwa njia ya reli kwenda Nachingwea. Kule Kongwa udongo ulikuwa na mfinyanzi ulioganda kama saruji wakati wa jua, ukazishika karanga zisichimbike, na mchanga wake ukala majembe ya chuma. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulikatwa, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilikaribia pauni milioni 36. Reli ya kusini nayo ilifungwa mwaka 1962.

Mpango ule hutajwa kwa kawaida kuwa funzo juu ya kiburi, na bila shaka ni hivyo. Katika swali la sasa una funzo lingine. Wakulima wa mahali pale waliijua ardhi yao: walijua mvua hukosa mara ngapi, walijua jembe hugonga nini katika mwezi wa Juni. Wale waliokuwa angani hawakushuka kuwauliza. Je, wakulima wale walificha? Hapana. Hawakuwa wakiuza, hawakutaka mtu asijue, na kwa hakika nchi ile ilikuwa ikichukuliwa bila ya kauli yao. Kipimo cha Cicero chasimama imara hapa: ujuzi na kimya peke yake havifanyi kosa. Lakini kwa upande wa mnunuzi, yaonekana kuwa kutouliza ni kosa lenye mwili na uzito wake. Mtu atumaye ndege ili asihitaji kusema na jirani hatendi ukaguzi. Atenda sherehe ya ukaguzi. Ndivyo afanyavyo pia mnunuzi aletaye fundi kutoka mjini, akazunguka nyumba saa nzima, asipite nyumba ya pili kumwamkia mzee akaaye pale na kumwuliza, "Shikamoo, mzee. Masika maji hufika wapi?"

Kuna ila nyingine zitatanishazo akili. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya New York ilimruhusu mnunuzi kujitoa katika ununuzi wa nyumba kwa sababu mwuzaji alikuwa amewatangazia watu wa mji kwa miaka kuwa ina mizimu, na mnunuzi, aliyekuwa mgeni, hakuambiwa. Hakimu hakudai kuthibitisha mizimu. Alisema tu kuwa ukaguzi wa uangalifu ulioje usingaliigundua sifa ile. Msomaji wa kusini hatacheka sana, kwani nyumba zisemwazo kuwa na mashetani zimo kila wilaya, na bei zao zimo katika uvumi kama nyingine zilivyo katika saruji. Mwuzaji asiyeamini mashetani, je, imempasa kuusema uvumi? Ikiwa uvumi utamfukuzia mnunuzi wapangaji, au utamfanya mkwewe akatae kulala pale, basi ni hasara ya kweli yenye mzizi wa uongo, na anayeijua aiseme hivyo hivyo: kwamba yeye haamini, ila watu husema.

Imebaki hoja iliyo nzito kupita ya Diogenes, ambayo Diogenes hakuitoa, kwa kuwa alifikiri juu ya watu wa hali moja. Ichukuliwe kuwa mwuzaji ni mjane, na nyumba ndiyo mali yake pekee, na anaiuza kwa sababu mwanawe yuko hospitali. Mnunuzi ni mfanyabiashara wa korosho, na nyumba hii kwake ni ya nne. Mjane akisema kuwa maji ya Februari hupanda mpaka kizingitini, bei itashuka nusu. Nani atakayesimama mbele yake amwambie kuwa yampasa kuulipia ukweli kwa maisha ya mwanawe? Wanaohubiri uaminifu kwa kawaida hula vizuri.

Jibu la kwanza ni kwamba kimya hakiondoi hasara, chaihamisha. Maji yatapanda mpaka kizingitini hata hivyo. Kinachobadilika ni nani atakayekuwa amelala ndani. Pengine mfanyabiashara hataishi pale, atapangisha, na atakayeamka usiku wa manane na mkeka wake ukielea atakuwa mjane mwingine. Jibu hili ni kweli, wala halimlishi mtu.

Jibu la pili laelekea upande ambao mijadala ya ila za nyumba huusahau, nao ni upande wa mnunuzi. Yeye naye huwa na ujuzi aufichao. Katika Ruangwa kumegunduliwa madini ya kinywe, na penye madini hufika habari ya njia mpya, ya kambi, ya fidia, nayo hufika kwanza kwa watu wenye jamaa maofisini. Madini ni mali ya taifa, lakini fidia ya nyumba na mazao hulipwa aliyeikalia ardhi siku ya tathmini. Mtu ajuaye hivyo, akaenda kwa mzee asiyejua akanunua shamba na nyumba kwa bei ya mihogo, ametenda lile lile alitendalo mwenye kupaka chokaa juu ya mchwa. Cicero anaye mfano wake pia: Quintus Scaevola alitajiwa bei ya shamba, akajibu kuwa thamani yake ni kubwa zaidi, akaongeza sesta laki moja. Watu wa Roma, asema, hawakukana kuwa hilo ni tendo la mtu mwema; walikana kuwa ni tendo la mwerevu.

Basi haki ya kuambiwa yaja pamoja na jinsi mtu anavyoupokea ukweli akiambiwa. Mnunuzi aulizaye ila, kisha akatumia kila ila kama koleo la kukaza bei chini ya gharama halisi ya kuitengeneza, ndiye awafundishaye wauzaji kunyamaza. Ikiwa kuinua msingi na kuchimba mfereji kutagharimu kiasi fulani kwa hesabu ya fundi, kiasi hicho na kitoke katika bei, kisitoke zaidi, na mjane ajue tangu mwanzo kuwa hakitatoka zaidi. Hapo fundi aliyekuwa macho ya mnunuzi peke yake huwa mpimaji kati ya wawili, na karatasi yake yaweza kusomwa na wote.

Yawezekana pia wapatane kuwa sehemu ya fedha ibaki mikononi mwa mtu wa tatu mpaka masika yapite, nyumba ikakaguliwe katika uso wake wa pili, mto ukiwa umejaa. Ni mapatano mazuri kwa mwenye kuweza kungoja. Mwenye mgonjwa hospitali hawezi kungoja mpaka Machi, na mnunuzi alijua hivyo kabla hajabisha hodi.